Kabla ya Kugusa Gunia

Mombasa, Novemba. Kusi umeshatulia na joto la Kaskazi linaanza kubana ndani ya kivungulio, lile banda la plastiki la kuoteshea mboga. Nyanya zikigeuka manjano sasa, mkono wa mtu huenda kwenye gunia la mbolea, na mimi nazidi kuamini uende kwanza kwenye koki ya maji ya matone, yale yapitayo kwenye mipira yenye matundu madogo.

Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, haishikwi na mchanga. Inakwenda yanakokwenda maji, na udongo wa Pwani una mchanga mwingi. Ukifungulia saa tatu mfululizo, mbolea ya asubuhi inazama chini ya mizizi kabla ya adhuhuri. Maji ya siku yagawe mara tatu au nne, kidogo kidogo.

Kisha pima. Tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa kwa kawaida limepimwa kwa kanieneo (msukumo) ya maji yaliyoinuliwa mita 10. Tangi likiinuliwa mita 1.5 tu, tundu la kawaida hutoa kama lita 0.6. Tega kikombe chini ya tundu la kwanza na la mwisho kwa dakika 15. Ukipata mililita 150 huku na 90 kule, mche wa mwisho unakosa maji na chakula pamoja. Hapo ukizidisha mbolea, wa mwanzo utaungua na wa mwisho utabaki na njaa. Osha chujio, fungua ncha za mipira uchafu utoke, upime tena.

Kwa nyanya zinazozaa napendelea kalsiamu naitreti: kilo 1 katika lita 1000 hutoa miligramu 155 za naitrojeni kwa lita. Miche michanga, nusu yake. Malizia kwa maji matupu dakika kumi. Usichanganye kalsiamu naitreti na mbolea yenye fosfeti au salfeti katika tangi moja, kwani hufanya ukoko mweupe unaoziba matundu. Zipe siku tofauti. Yurea ikiachwa juu ya udongo kwenye joto hili hutoa amonia, na humo ndani hewa haina pa kutokea, kwa hiyo majani huungua kingo. Amonia ikizidi udongoni, mmea hushindwa kufyonza kalsiamu, na nyanya huoza kitako.

Linalonisumbua zaidi ni chumvi. Ile kilo 1 huongeza kama dS/m 1.2 kwenye maji (dS/m, desisimensi kwa mita, ni kipimo cha chumvi). Kisima chako kikiwa tayari na 1.8, unamwagilia 3.0. Nyanya huanza kupunguza mavuno udongo ukipita 2.5, pilipili hoho hulalamika tangu 1.5. Basi punguza mbolea nusu, au changanya na maji ya mvua. Paa la mita 8 kwa 15 likipata milimita 10 hukinga lita 1200, tangi zima na ziada. Vuli bado inanyesha, na vivungulio vingi havina hata mfereji mmoja wa kukinga.