Siku yangu na transmita iliyosema uongo

Nikisema nafanya kazi kiwanda cha gesi, swali huwa moja: "Utatuletea lini mitungi ya bei poa?" Mama mwenye nyumba wangu ameshaniuliza mara tatu. Nimemweleza kwamba gesi inayochimbwa huku kusini ni methani, tunaisafisha, tunaikausha maji, halafu inapita bombani kwenda Dar es Salaam kuzungusha mitambo ya umeme. Ya kwenye mtungi ni propani na butani, inakuja kwa meli kutoka nje. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa mwanangu. Kwa hiyo mitungi lini?"

Mimi ni fundi wa instrumenti. Transmita (vifaa vinavyopima na kutuma namba kwenye skrini) za presha, joto na levo (kimo cha kimiminika ndani ya chombo), valvu zinazojifungua na kujifunga, vifaa vinavyonusa gesi iliyovuja: hayo ndiyo mambo yangu. Opereta anakaa kwenye kiyoyozi akisoma namba kwenye skrini, nami kazi yangu ni kuhakikisha hizo namba zina ukweli huko nje juani.

Saa 10:30 alfajiri naamka. Saa 11:15 niko kwenye basi la wafanyakazi, nimelala mdomo wazi kama wenzangu. Saa 12:30 kikao cha usalama, simu zinabaki getini. Kuanzia saa 1:00 mimi na kijana wa fildi tulikagua transmita mbili za presha, zote nzima, tukanywa chai na chapati.

Saa 3:40 redio ikaita. "Dada wa instrumenti, separeta ya pili levo inapanda. Valvu yako imekwama."

Separeta ni tangi linalotenganisha gesi na vimiminika. Na hiyo "yako" naijua. Kifaa kikiwa kizima ni cha kiwanda, kikiharibika ni changu.

Chumba cha udhibiti nilimkuta opereta wa zamu, kaka mmoja mchapakazi lakini anayeiamini skrini kuliko macho yake. Levo asilimia 78, na valvu ya chini imefunguka karibu yote ili kumwaga kondenseti, yaani mafuta mepesi yanayotoka na gesi. Nikamwomba atume mtu akaangalie kioo cha levo ubavuni mwa separeta. Akasema skrini haijawahi kumdanganya. Nikamwambia, kaka, skrini haijui kitu, inaambiwa tu. Mwenzake wa nje akajibu redioni: kwenye kioo, asilimia 30 na inashuka.

Pale utani ukaisha. Valvu ilikuwa inamwaga kondenseti ambayo haipo. Kondenseti ikiisha, gesi yenye presha kubwa inafuata njia ileile mpaka kwenye tangi la kondenseti, ambalo halikujengwa kwa presha hiyo. Ipo kinga nyingine inayofunga njia levo ikishuka mno, na inajitegemea, lakini hakuna fundi mwenye akili anayetaka kuijaribu kwa namna hiyo. Chuoni mwalimu alitusimulia kiwanda cha mafuta cha Texas City, Marekani, mwaka 2005: mnara ulijaa kupita kiasi huku transmita ya levo ikionyesha levo inashuka. Walikufa watu 15. Opereta wetu akaitoa valvu kwenye kujiendesha yenyewe, akaibana mwenyewe, huku mwenzake amesimama kwenye kioo akimsomea.

Nikafunga mita kwenye waya: miliampea 16.5. Kwetu 4 ni sifuri na 20 ni asilimia mia. (Haianzii sifuri ili waya ukikatika ujulikane umekatika, usidhaniwe ni tangi tupu.) Basi 16.5 ndiyo 78 ya skrini, maana yake waya na skrini hawana kosa. Uongo ulianzia kwenye separeta yenyewe.

Sasa kibali. Kufungua kitu chenye presha bila kibali ni kufukuzwa kazi, na ni haki. Nikajaza fomu, nikaipeleka kwa msimamizi wa eneo. Yuko kikaoni. Nikasubiri kwenye benchi la bati. Alipotoka aliisoma fomu polepole, akanirudishia: namba ya transmita siyo. Nilikuwa nimeandika 7 inayofanana na 1. Nikaandika upya. Aliyepima gesi eneo lile naye kipimo chake kilikuwa kimepitwa na muda, akatafutwa, akapatikana anakula. Nilikasirika, sifichi. Lakini kosa la kwanza lilikuwa la mwandiko wangu, na kwa namba ile ningefungua transmita ya separeta ya kwanza, iliyokuwa nzima. Mzee yule angenisainia haraka ndipo ningekuwa na haki ya kumlalamikia.

Sikumbuki tulianza saa ngapi. Jua lilikuwa utosini, ovaroli imeganda mgongoni. Transmita ya aina hii ina miguu miwili, mmoja kutoka chini ya separeta na mwingine kutoka juu. Ule wa juu tunaujaza kimiminika kiitwacho glaikoli, na transmita inapima tofauti ya presha kati ya pande mbili. Glaikoli ikipungua, upande ule unakuwa mwepesi, transmita inadhani separeta inajaa.

Kijana alipapasa neli yote hakuona tone. Mimi nilitafuta vumbi. Chini ya kishikio, mahali ambapo mkono hauingii bila kujikwaruza, nati moja ilikuwa na ukoko mweusi kama wa sufuria ya ugali. Nati nyingine zote kavu. Glaikoli ilikuwa ikitoka kidogo kidogo, pengine kwa wiki kadhaa, na vumbi likishika papo hapo.

Tukafunga valvu za juu na chini, tukatoa presha, tukakata kile kipande na kuweka kipya. Kisha pampu ya mkono, kujaza glaikoli mpaka mapovu yaishe. Mapovu hayaishi. Unadhani yameisha, linatoka moja. Kijana akapampu, nikapampu, mikono inatetemeka, mara ya ngapi sijui. Mwishowe tukafungua taratibu, nikaita redioni.

"Thelathini na moja," akasema opereta.

"Na kioo?"

Kimya. "Kioo pia thelathini na moja."

Asante hakusema. Nikaandika kitabu cha zamu, nikakosa basi, nikapanda bodaboda na mikono inanuka glaikoli. Nilikuwa navua viatu simu ikaita, opereta wa usiku: levo sasa 34, aiamini?

Nikamwambia atoke nje akaangalie kioo.