Nilivyotuliza sauti na mwanga sebuleni

Watu wengi huanza na rangi za ukuta. Mimi nilianza na masikio, maana sebule ya vigae, kuta tupu na vioo vikubwa humchosha mtu hata akiwa kakaa tu. Simama katikati, piga makofi mara moja. Ukisikia mlio mkali unaotetema, ujue kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Si lazima ufunike zote mbili. Ukuta mmoja unatosha kuukata mchezo huo.

Nilitengeneza paneli za kumeza sauti: fremu za mbao zenye kina cha sentimita 5, nikajaza pamba ya madini (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), nikavalisha kitambaa. Kitambaa kipime kwa mdomo: puliza, na pumzi isipopenya, sauti nayo itagonga na kurudi. Nikazitundika zikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 5 nyingine, kwa sababu mwanya huo huongeza uwezo wa kumeza sauti nene bila kununua pamba zaidi. Sponji jembamba la sentimita 2 humeza sauti nyembamba tu, halafu chumba kinabaki kinavuma kwa chini. Unapokata pamba vaa glavu na barakoa, nyuzi zake zinawasha vibaya.

Paneli hizi hazizuii kelele za nje, na hapo ndipo wengi hupoteza hela. Kelele za nje huzuiwa na uzito na kuziba mianya, basi nilizungusha mpira kwenye fremu ya mlango na kuweka ukanda wa mpira unaogusa sakafu chini ya mlango. Tundu la hewa usiliguse, la sivyo chumba kitanuka uvundo.

Taa moja katikati ya dari huacha vivuli machoni mwa watu. Niliigawa kuwa taa tatu za pembeni, kila moja na swichi yake, zote za kelvini 2700, yaani mwanga wa manjano tulivu, na ya kusomea ikitoa takriban laksi 500 (kipimo cha mwanga unaofika mahali) juu ya ukurasa. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, nunua balbu ya LED iliyoandikwa kuwa inapunguzika; nyingine hupepesa. Ielekezee kamera ya simu: mistari myeusi ikipita kwenye skrini, balbu inapepesa, na huenda ndiyo inayowaumiza watu vichwa jioni.

Rangi ilikuja mwisho, isiyong'aa, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha. Korido niliiacha na rangi inayofutika, maana isiyong'aa hushika alama za mikono.