Siku moja maishani mwangu: mpunga ndani ya chupa

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kuotesha miche ya mpunga maabara, kutoka kwenye seli, ndani ya chupa. Kwanza nakagua chupa. Yenye doa la ukungu haifunguliwi ndani ya maabara hata kwa sekunde moja. Inaingia kwenye otoklevu, mtungi wa mvuke wa shinikizo unaoua vijidudu, ikiwa imefungwa vilevile, kuoshwa baadaye.

Saa 2:15. Napika chakula cha mimea. Leo ni MS, fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962. Waliitunga kwa ajili ya tumbaku, lakini mpunga nao unaila bila ubishi. Sukari gramu 30 kwa lita, agari ya kugandisha, na miligramu 2 za 2,4-D. Naam, ni ileile dawa ya kuua magugu. Kwa kipimo hiki kidogo inafanya kazi ya oksini, homoni ya mimea: seli za kiinitete zinaacha njia ya kuwa mche na kuanza kugawanyika ovyo. Narekebisha pH, kipimo cha uchachu, iwe 5.8, kisha otoklevu, nyuzi 121, dakika 20.

Saa 4. Punje. Namenya maganda kwa mkono na kutupa zilizovunjika au zenye madoa. Spiriti ya asilimia 70 kwa dakika moja, dawa ya klorini yenye tone la sabuni kwa nusu saa, halafu maji yaliyotakaswa, tena na tena. Kuanzia hapo ni kabati la hewa safi, koleo linalochomwa motoni kila mara, na mdomo kufungwa. Anayependa soga hii kazi itamshinda.

Saa 6. Sehemu ninayoipenda: kuchagua kalasi, yale mabonge ya seli yaliyoota kwenye punje za awali na kukaa gizani wiki tatu hadi nne. Nzuri ni ya rangi ya maziwa inayokaribia manjano, kavu, imejaa vinundu vigumu kama ulezi. Ukiigusa kwa ncha ya koleo inaachia kipande safi. Mbaya inateleza, ina majimaji, pembeni imeshaanza kuwa kahawia. Hiyo hata ukiibembeleza haitoi mche. Katika bonge moja unazikuta zote mbili zimeshikana, na jicho ndilo linaloamua kisu kipite wapi. Katika makundi mawili makubwa ya mpunga, aina nyingi za indika ni kaidi kuliko japonika, kwa hiyo sahani zao nazipa muda zaidi.

Saa 8 mchana. Zilizofaulu zinahamia chakula kingine: 2,4-D inaondolewa, saitokinini, homoni ya kuchipusha, inapanda, oksini inashuka. Natumia kinetini (saitokinini) miligramu 2 na NAA (oksini) nusu miligramu kwa lita, kisha mwanga saa 16 kwa siku. Vidoa vya kijani vikitokea, machipukizi yako njiani. Kwamba uwiano wa homoni hizi mbili ndio unaoamua kati ya mizizi na majani, Skoog na Miller walilionyesha tangu 1957.

Wageni hawaachi kuniuliza: si uongeze dozi ziote haraka? Hapana. Saitokinini ikizidi, unapata kichaka cha vichipukizi vifupi visivyotaka kutoa mizizi. Kalasi ikikawia kwenye 2,4-D inachoka, na kromosomu zake zinaanza kubadilika. Wapo wanaoyatafuta mabadiliko hayo kwa makusudi, wakitia chumvi kwenye chakula ili wapate mpunga unaostahimili udongo wa chumvi. Mimi nasubiri kizazi cha pili shambani kabla ya kuamini, maana ustahimilivu wa chupani mara nyingine unaishia chupani.

Saa 9:30. Kitalu. Naosha agari yote kwenye mizizi, kwa kuwa sukari inaita ukungu, kisha nafunika miche kwa nailoni. Majani ya chupani hayana nta ya kutosha. Ukiyaanika ghafla yananyauka.

Kwenye trei ya mbegu za kawaida nakuta mche mmoja mrefu kupita wenzake, mwembamba, umepauka. Bakanae, ugonjwa wa kuvu. Mwaka 1926 mtafiti Kurosawa alionyesha kwamba majimaji ya kuvu wa ugonjwa huu ndiyo yanayorefusha mpunga, na humo ndimo ilimopatikana jibarelini, homoni ya kurefusha mmea. Kwa upande mwingine, IR8, mbegu ya mpunga mfupi iliyotolewa mwaka 1966, haianguki ovyo kwa sababu jeni yake ya kutengeneza homoni hiyohiyo ina hitilafu. Kwa hiyo atakayeniambia homoni ni mbolea, namleta kwenye trei hii.

Naung'oa mche, natenga trei nzima, na kwenye daftari naandika: mbegu za fungu hili zisipandwe tena bila kutibiwa.