Koloni Zisizo na Waridi

Wiki iliyopita nilitoa kwenye inkubeta ya maabara yetu hapa Mombasa sahani ya aga ya MacConkey (chakula cha kuoteshea bakteria), iliyopandwa jana yake kwa choo cha mtoto aliyekuwa akiharisha damu. Niligusa koloni moja, yaani kundi la bakteria lililoota, kwa kijiti cha kuchokolea meno, nikaipaka kwenye kiduara cha bamba la chuma la mashine inayotambua bakteria kwa leza, utando mwembamba kabisa kwa kuwa ukiwa mnene leza haisomi kitu, kisha nikaidondoshea mikrolita moja ya matriksi, kemikali ya kufyonza nishati ya leza, na kungoja ikauke. Kwa unyevu wa pwani yetu, kungoja huko ndiko kunakonikera kuliko kazi yote iliyobaki.

Mashine hiyo, spektrometa ya masi, ambayo sisi tunaiita maldi tu, hufanya kazi katika ombwe. Leza hupiga kiduara, matriksi hufyonza nishati yake na kuzirusha protini za bakteria zikiwa na chaji, nazo hukimbia ndani ya mrija, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata, hivi kwamba muda wa safari ndio unaotupa masi. Koichi Tanaka wa Japani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2002 kwa kuonyesha kwamba molekuli kubwa kama hizo zaweza kurushwa kwa leza bila kuvunjika. Sisi husoma kati ya daltoni (kipimo cha masi ya molekuli) 2,000 na 20,000, ambako protini za ribosomu, viwanda vya protini ndani ya seli, ndizo zinazotawala, kwa sababu kila bakteria anazo tele. Kompyuta hulinganisha mchoro uliopatikana na ile iliyohifadhiwa, na jina ambalo zamani tulilisubiri hadi kesho yake hutoka kwa dakika chache.

Jina lililotoka lilikuwa Escherichia coli, kwa alama 2.2 za ulinganifu, nasi huamini spishi kuanzia 2.0. Nilikuwa karibu kuandika majibu, lakini mwenzangu aliyenitangulia kazini, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, aliinua sahani kwenye mwanga akaniuliza, "Mwanangu, waridi iko wapi?" Koloni zilikuwa zimepauka, ilhali E. coli wengi hula laktosi na kugeuka rangi ya waridi. Shigella, bakteria wa kuhara damu ambao kwa kawaida hawali laktosi, ni jamaa wa karibu mno wa E. coli, kiasi kwamba protini zao karibu zinalingana na mashine huwachanganya. Tulichanganya koloni na antisera ya Shigella flexneri, yaani kimiminika chenye kingamwili za kumnasa bakteria huyo, juu ya kioo, na katika muda mfupi ikagandamana vipunjepunje, mfano wa maziwa yaliyokatika.

Dawa ya kumtibu mtoto, hata hivyo, mashine haikuitaja, kwa kuwa kwa matumizi yetu ya kawaida hutambua bakteria tu. Nilipanga vidonge vya karatasi vyenye antibiotiki juu ya sahani nyingine, nikairudisha kwenye inkubeta. Asubuhi yake nilipima kwa rula: kidonge cha ampisilini hakikuwa na duara lolote tupu kando yake, yaani dawa hiyo haikumzuia bakteria.