Wekundu Uliobaki kwa Joker

Mtoto wa dada yangu aliniuliza jana: "Mjomba, Joker kabla hajawa Joker aliitwa nani?" Nikajikuta mbele ya rafu, nachomoa nakala zangu mbili za The Killing Joke, kitabu cha katuni kuhusu Batman na adui wake Joker, ile ya 1988 na ile ya 2008, na usiku ule nilipozilinganisha mara ya kwanza ukanirudia mzima.

Ile ya 2008 ilikuwa imenifikia siku hiyo hiyo. Niliziweka mezani sambamba, ya zamani kushoto, mpya kulia, nikawa nafunua kurasa kwa mikono miwili. Maneno ya Alan Moore hayakuguswa. Michoro ni ile ile ya Brian Bolland, isipokuwa vitu vidogo kama duara la manjano lililofutwa kifuani mwa Batman. Kilichogeuka ni rangi. Mwaka 1988 rangi zilitiwa na John Higgins: zambarau, machungwa, kijani cha kuumiza macho. Miaka 20 baadaye Bolland alizipaka upya kwa mkono wake, na sehemu za zamani za maisha ya Joker akaziacha karibu nyeusi na nyeupe tupu, kila mahali akibakiza kitu kimoja kimoja chenye wekundu.

Kwa asiyekijua kisa: yule bwana alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kemikali, akaacha kazi ili awe mchekeshaji. Watu hawacheki. Mkewe, Jeannie, ni mjamzito na kodi ya chumba haijalipwa. Wahuni wawili wanamtaka awapitishe ndani ya kile kiwanda chake cha zamani ili wafike kwenye kampuni ya karata iliyo jirani. Anakubali, mara moja tu. Siku yenyewe, akiwa nao baa, polisi wanamletea habari: Jeannie alikuwa akijaribu kifaa cha kupashia chupa ya mtoto moto, umeme ukapiga shoti, amefariki. Anataka kujitoa, hawamwachii.

Hapo ndipo nilipoganda. Usiku wanamvisha kofia nyekundu inayofunika kichwa chote, haina matundu ya macho, unaonea kwa vioo. Hila yake ni hii: kila wizi huvaa mtu mwingine, polisi wakidhani kuna kinara mmoja. Yule mjane wa saa chache anafanywa kinara. Kwenye nakala ya kushoto, kofia ni rangi moja kati ya nyingi, jicho linaipita. Kwenye nakala ya kulia wekundu umekuwa ukinyemelea tangu kumbukumbu ya kwanza, kidogo hapa, kidogo pale, na sasa umejaa kichwani kwa mtu. Niliweka kidole juu ya kofia zote mbili, nikakaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na sikuwahi kuona kwamba vitu vyote vya maisha yake vilikuwa vinaelekea pale.

Yaliyobaki ni ya haraka. Ulinzi wa kiwanda umeongezwa tangu alipoondoka, wahuni wanapigwa risasi, Batman anatokea, bwana yule anaruka kwenye majitaka ya kemikali. Anatokea nje mvua ikinyesha, uso unamwasha, anavua kofia na kujiona kwenye dimbwi.

Lakini rangi ilinifanyia na jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua hadi leo. Kwenye nakala ya zamani, yaliyopita yanawaka sawasawa na ya sasa, kwa hiyo niliyaamini na nikamhurumia Joker bila kinyongo. Yakishapaushwa, nilikumbuka kuwa hakuna shahidi. Hakuna anayesimuliwa kisa kile. Kinapita kichwani mwake tu, kila mara kikianzia kwenye mkao ule ule aliosimama nao sasa. Na mwenyewe anakiri kwamba mara hukumbuka hivi, mara vile.

Kisa cha mwanzo kabisa kilikuwa kikavu zaidi. Joker alizaliwa kwenye Batman namba 1 mwaka 1940 bila historia yoyote. Ilipofika 1951, katika Detective Comics namba 168, Bill Finger alimpa moja: mfanyakazi wa maabara aliyeamua kuiba dola 1,000,000 kutoka kampuni ya karata, akatoroka kwa kuogelea kwenye majitaka, kofia ikiwa na mrija wa hewa. Mvuke ukamgeuza ngozi nyeupe, nywele kijani, midomo myekundu. Hakuna mke, hakuna kodi. Aliingia majini akiwa mwizi, akatoka mwizi mwenye sura mpya. Moore ndiye aliyetia msiba kabla ya maji, na msiba ule ndio unaotufanya tulegee.

Mimi nililegea kiasi cha kuzipita haraka kurasa za Barbara Gordon. Yeye alifungua mlango tu, akapigwa risasi na kulemaa, ili Joker athibitishe kuwa siku moja mbaya inatosha kumharibu yeyote. Baba yake, Kamishna Gordon wa polisi, anateswa kwa picha za mwanawe, na bado hakuharibika: anamtaka Batman amkamate Joker kwa kufuata sheria. Barbara mwenyewe ilibidi asubiri hadi 1989, ndani ya mfululizo wa katuni wa Suicide Squad, waandishi John Ostrander na Kim Yale walipomrudisha akiwa Oracle, mtaalamu wa kompyuta anayewapa mashujaa habari. Usiku ule nilizirudia zile kurasa zake polepole, kwenye nakala zote mbili. Sijui kama huruma niliyokuwa nimemaliza kwa Joker ingepaswa kuanzia kwake. Nadhani ndiyo.

Jana nikamwambia mtoto kwamba kitabu hakilitaji jina. Nikamwonyesha yule bwana na mkewe chumbani, kabla ya yote. Akautazama ule ukurasa sana.

"Basi mkewe alikuwa anamwitaje?"

Bado sijamjibu.