Kumtafuta kwera wa Kilifi kule Dakatcha

Jamani juzi tulirudi msitu wa Dakatcha kuhesabu ndege wanaotaga na moyo wangu wote ulikuwa kwa ndege mmoja tu, kwera wa Kilifi, yule dume wake ana kichwa cheusi na tumbo la njano, hapatikani popote duniani ila hapa kwetu kaunti ya Kilifi. Ebu fikiria, wataalamu walimpa jina 1913 lakini kiota chake kikaja kuonekana Machi 2013, miaka 100 nzima! Watu walikuwa wanamtafutia juu ya miti ya mirihi kule msitu wa Arabuko-Sokoke kwa sababu ndiko makundi yake yanaonekana yakila wadudu, kumbe akitaka kutaga anashuka vidimbwi vya mvua huku Dakatcha anafuma kwenye ndago zilizosimama majini.

Sasa vidimbwi vyenyewe havina ratiba, vinafuata mvua. Tulitoka alfajiri na boda, cha kwanza kikavu kabisa udongo umepasuka, cha pili maji yapo lakini ng'ombe wamekanyaga ndago zote. Tukaandika sifuri, na saa ya kufika na saa ya kuondoka, maana usipoiandika sifuri mwingine atadhani hakuna aliyefika pale.

Cha tatu tulifika jua lishawaka. Mzee mwenyeji wetu akanishika mkono, "Mwanangu, nyamaza kidogo, sikiza." Nikasikia, kelele nyingi kwa pamoja kama watoto wametoka madrasa. Nikainua darubini mikono ikitetemeka, nikamwuliza, "Mzee, si wale wengine wa njano hawa?" Akasema angalia mgongo. Mweusi! Dume mmoja, kisha wanne, kisha nikaacha kuhesabu ndege nikaanza kuhesabu viota, 17 nilivyoviona kutoka ukingoni. Hatukuingia majini hata hatua moja, mama akifukuzwa kiotani jua la saa nne linachoma mayai. Na mahali penyewe sipataji hapa, mnisamehe.

Kurudi tukapishana na pikipiki tatu zimebeba magunia ya makaa, na huko wanakata hiyo mirihi yenyewe. Iliniuma sana, kwa sababu hata kidimbwi kikibaki salama, vifaranga wakishajua kuruka watakula wapi?

Mzee ameniahidi atanipigia vifaranga wakianza kutoka. Simu naichaji kila jioni.