Muziki Ulionifikia kwa Kuchelewa

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tuna maradhi ambayo hatuyasemi: muziki wetu uliganda mwaka ule tuliopanda ndege. Kwenye simu zimo nyimbo zilezile tulizoondoka nazo, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo zinavyozidi kuwa takatifu. Mwekee mwenzako kitu kipya uone anavyokutazama, kama mtu aliyeuza shamba la ukoo. Muziki wa huku tunawaachia wenyeji. Sisi tunapita tu. Basi tunapita mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi, na watoto wanamaliza shule.

Watafiti wa kumbukumbu wanasema si sisi peke yetu. Watu wa kila mahali hung'ang'ania zaidi nyimbo za ujana wao. Ila kwa mhamiaji jambo hili lina uzito wa ziada, maana ujana na nyumbani vimefungwa furushi moja, na kulifungua hilo furushi ili uongeze kitu kunatisha kidogo.

Mimi nilifunguliwa na kijana wa kazini kwetu, wa shifti ya usiku, anayependa muziki wa indi. Zamani neno hilo lilihusu biashara tu: rekodi zinazotoka bila mkono wa kampuni kubwa. Mwaka 1977 Buzzcocks, kundi la Manchester, walikopa fedha kwa watu wao wa karibu wakatoa rekodi wenyewe, na vijana wengine Uingereza wakaona kumbe inawezekana. Siku hizi indi ni mtindo zaidi kuliko mkataba, na una matawi mengi, mengine ya kulialia ambayo sina hamu nayo. Tawi lililonikamata ni lile la furaha: watu wengi wanaimba kwa pamoja, tarumbeta, fidla, makofi, na sauti ambazo hakuna aliyezinyoosha studio.

Nilianza na I'm From Barcelona. Jina lisikudanganye, ni Waswidi wa Jönköping. Emanuel Lundgren alikusanya marafiki zake hadi wakafika 29, na albamu yao ya kwanza ikatoka mwaka 2006. Wanaimba kuhusu tetekuwanga, kukusanya stempu, kibanda cha juu ya mti. Mambo ya kipuuzi kabisa, lakini wanayaimba kwa moyo mmoja hadi unajikuta unapiga makofi peke yako jikoni. Hapo ndipo nilipotambua kitu nilichokosa miaka yote hii. Nyimbo za nyumbani ninazo tele, lakini nilikuwa nazisikiliza mwenyewe kwenye hedifoni. Nilichokosa ni kuimba katikati ya watu, sauti yangu mbovu ikimezwa na za wenzangu.

Kisha kijana akanipa Arcade Fire, na hao ndio walionimaliza. Ni kundi la Montreal, Kanada. Win Butler, mwimbaji wake mkuu, alihamia huko akitokea Marekani. Régine Chassagne, mwimbaji mwenzake, alizaliwa hukohuko, wa wazazi waliokimbia Haiti enzi za udikteta wa Duvalier. Albamu yao ya mwaka 2004 waliiita Funeral, yaani mazishi, kwa sababu walipokuwa wakiitengeneza walifiwa na ndugu kadhaa. Ungetarajia maombolezo. Badala yake unasikia kundi zima likiimba kwa kupaza sauti mpaka mshipa wa shingo unauona kwa masikio. Yeyote aliyewahi kupokea habari ya msiba kwa simu, halafu akaingia kazini kama kawaida, ataelewa kwa nini niliisikiliza nimesimama. Ilitolewa na Merge, lebo ndogo ya North Carolina, na mwaka 2011 albamu yao ya tatu, kwa lebo hiyohiyo kule Marekani, ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Belle and Sebastian, kundi la Glasgow, Uskoti, ni wapole zaidi. Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi wao, aliugua uchovu sugu kwa miaka, hawezi kazi wala masomo, na humohumo ndani ya ugonjwa akajifunza kutunga. Albamu yao ya kwanza, ya 1996, ilitolewa na wanafunzi wa Chuo cha Stow, nakala 1,000 tu. Ucheshi wake si wa kukurupuka. Unakukalia siku kadhaa kabla hujatabasamu.

Sasa nina daftari. Kila albamu naiandikia ukurasa kwa Kiswahili: nimeisikia wapi, imenikumbusha nani, wimbo gani niuruke. Kuandika kumenisaidia kuliko nilivyodhani, kwani mtu akichelewa hana kundi la rika la kumwambia kipi ni kizuri, na mambo yenyewe huku nayasikia kwa lugha ya kazi. Kwenye daftari nayahukumu kwa lugha yangu, na hukumu zangu ni kali. Albamu mashuhuri sita zimeshapata alama ya "makelele".

Mdogo wangu nimemtumia wimbo mmoja kwa simu. Akajibu haraka: "Dada, huu si una miaka ishirini?" Nimemwambia kwangu umetoka juzi, na ajiandae, maana bado sijaigusa miaka ya themanini.